Cheti Kisichokuwa na Jina

Asubuhi ile tarishi wa baraza aliingia ofisini kwangu akiwa ameshika karatasi kwa vidole viwili, akaiweka mezani. "Karani," akasema, "huu si mwandiko wako?"

Ulikuwa wangu. Mhuri ulikuwa wa baraza letu la Makambako, tarehe ilikuwa sawa, na safari ilikuwa imeandikwa vizuri: kutoka Kifanya mpaka Makambako, kumwangalia binti. Mahali pa jina la msafiri palikuwa peupe. Niliinua macho nikaona mlangoni blanketi la kijivu, kikapu, na mgongo wa mwanamke aliyegeukia ukuta. Mgongo ule niliujua kuliko uso wake, maana uso sikuwahi kuutazama sawasawa. Alikuwa mama mkwe wangu, na alikuwa amekamatwa.

Lazima nieleze sheria yenyewe, maana vijana wa leo nikiwasimulia hudhani nimezidisha pombe ya ulanzi. Enzi za Mwingereza machifu wetu waliruhusiwa kutunga sheria ndogo ndogo, boma la Njombe likaziwekea sahihi. Nyingine zilikuwa na akili, kama ile ya kutochoma majani ovyo. Nyingine zilikuwa vituko. Ilikuwa kosa kupita mbele ya baraza na kofia kichwani. Na ilikuwa kosa mwanamke kupanda lori bila cheti kilichoombwa na mumewe au mwanamume wa ukoo, kikagongwa mhuri. Wanaume walikuwa wamekwenda Tanga kukata mkonge, wake zao wakachoka kungoja, wengine wakapanda malori wakaenda zao. Wazee hawakuuliza kwa nini wanawake wanaondoka, wakaona dawa ni kuwafungia malori. Aliyekamatwa bila cheti halali alirudishwa alikotoka kwa lori linalofuata. Vyeti hivyo nilikuwa naviandika mimi, kila siku, na sikuwahi kuvifikiria hata kidogo.

Sheria ya pili haikuandikwa popote, na hiyo ndiyo niliyoiogopa. Kwetu Wabena mtu hali pamoja na mama mkwe wake, hakutani naye njiani, na jina lake halitamki mpaka anaingia kaburini. Mimi nikimwona kwa mbali nilikuwa naingia kwenye shamba la pareto la mtu nisiyemjua, nikangoja apite. Sasa siku niliyomwandikia cheti, baba mkwe akiwa huko mkongeni, kalamu ilifika kwenye jina ikakwama. Je, kuandika ni kutamka? Hakuna aliyewahi kunifundisha. Nikaacha pengo, nikakituma cheti Kifanya, nikajidanganya kwamba jumbe wa huko atalijaza. Baadaye nilisikia kwamba jumbe aliogopa kuongeza hata herufi moja kwenye karatasi yenye mhuri, akampa kama ilivyo. Mama wa watu hakujua kusoma. Alikikumbatia cheti kile njia nzima akiamini kimekamilika.

Na hakuwa anakuja kutembea. Mtoto wetu wa kwanza alikuja ametanguliza miguu, akafa kabla hatujasikia sauti yake. Mke wangu alibeba mimba ya pili kwa hofu tupu. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, na mtu pekee aliyemwamini alikuwa mama yake, ambaye kuanzia Kifanya mpaka Kichiwa alijulikana kwa mikono yake ya kumgeuza mtoto tumboni. Asubuhi hiyohiyo, kabla sijatoka nyumbani, uchungu ulikuwa umeanza. Nilimwacha na jirani yetu, nikamwambia mama yako yuko njiani, atafika sasa hivi.

Hakimu wa baraza alikuwa mtu wa makamo, mwenye suti iliyochakaa viwiko. Mwezi uliopita Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma la Njombe, alikuwa amekagua vitabu vyetu, akamkaripia mbele yetu sote kwa kuwaachia wanawake wawili bila maandishi. Tangu siku hiyo alikuwa akisoma kila karatasi mara mbili. Akakiinua cheti changu kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha huyo mama, Mheshimiwa," nikasema nikitazama miguu yangu.

"Katika pengo hili anaweza kuingia mwanamke yeyote. Aliyetoa cheti ndiye anayejua alimpa nani. Ni nani?"

"Ni mkwe wangu."

"Sikuuliza undugu. Ana jina?"

"Analo."

"Basi litaje, liingie kitabuni, aende zake. Mimi sina shida na mama huyu."

 Nje, mbele ya duka la Mhindi, lori la kurudi Njombe, njia ya Kifanya, lilikuwa linapakia magunia ya chumvi. Niliyahesabu kupitia mlangoni nikaona yamebaki machache.

"Mheshimiwa, unajua mila zetu," nikasema. "Naye pia ni kama mkwe wako."

"Wakwe zangu hawapandi malori," akajibu. Kisha akashusha sauti, na nikaona kwamba na yeye anaogopa. "Nikimwachia bila jina, Bwana Shauri atanirudisha mimi kwetu. Nina watoto sita."

Wazee wawili wa baraza walikuwa wamekaa kwenye benchi lao, mmoja mnene, mwingine mkavu. Mkavu akasema hakuna tatizo hapo, mwiko ni wa mdomo, karani aandike tu. Nikashika kalamu. Mnene akanyoosha mkono.

"Ngoja, mwanangu. Kalamu nayo inasema. Kama haisemi, mbona Bwana Shauri akiwa Njombe anasikia tunayoyafanya huku Makambako?"

"Hiyo ni karatasi," akasema mkavu.

"Kuna mtu wa kwetu alimnyooshea mkwe wake kidole, akatozwa mbuzi. Kidole kina mdomo?"

Mkavu akaanza kufikiri. Hapo nilitamani kuwapiga. Wazee wale walikuwa wamenitendea wema mara nyingi, lakini asubuhi ile niliwaona kama watu waliokaa kuchambua maharagwe ndani ya nyumba inayoungua. Walirudi kwa babu, wakarudi kwa baba wa babu. Wakauliza ikiwa kalamu si mdomo, kwa nini karani aliacha pengo. Na ikiwa ni mdomo, basi pengo ni heshima, na mtu hawezi kuadhibiwa kwa heshima. Hakimu aliwasikiliza huku akigusagusa kitabu. Hakuna aliyekuwa mjinga kati yao. Kila mmoja alikuwa na haki, na mke wangu alikuwa anakufa hatua mia mbili kutoka pale.

Jirani yetu akatokea mlangoni bila kubisha hodi, khanga imelowa mpaka magotini.

"Karani," akasema, "miguu imetangulia."

 Dereva wa lori akapiga honi, na tarishi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapandisha waliokamatwa, akanitazama mimi badala ya hakimu.  Nasema kweli, nilikuwa tayari kumpoteza mtoto wa pili kwa ajili ya neno moja, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Ndipo mama mkwe wangu aliposema. Hakusema nami, hilo haliwezekani. Alisema na tarishi, kwa Kiswahili cha sokoni, akiwa bado ametazama ukuta.

"Mwambie huyo mwenye kalamu, binti yangu hazai kwa mhuri. Mwambie aseme. Mimi leo ni kiziwi."

Akaweka kikapu chini. Akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akakaza mpaka viwiko vikasimama pembeni ya kichwa chake.

Nikalitaja. Nililitaja lote, lake na la baba yake, kwa sauti ileile niliyozoea kuisomea mashtaka, maana ndani ya chumba kile sikuwa na sauti nyingine. Mzee mnene akageuza uso. Hakimu akaniambia niandike, lakini kabla sijaichovya kalamu aliivuta akaandika mwenyewe, polepole, kwa herufi kubwa. Kisha tarishi akamgusa mama begani kwa ncha ya fimbo yake. Akashusha mikono, akatoka mbio na jirani yetu, blanketi likaanguka mlangoni.

Niliokota blanketi na kikapu nikawafuata, lakini kwa mbali, maana hata saa ile sikuthubutu kumkaribia. Nilikaa nyuma ya nyumba, upepo wa Makambako ukinikata masikio, nikimsikia mke wangu na baadaye nisimsikie. Jua lilikuwa limepita utosini mtoto alipolia. Alikuwa msichana.

Baraza lilituma mtu kumwuliza mama mkwe kama anadai mbuzi wa kuvunjiwa heshima. Akajibu, "Mbuzi wa nini? Sikusikia kitu." Wazee walilizungusha jibu hilo siku mbili, wakaridhika nalo. Tangu hapo, kesi ikimlazimu mtu kumtaja mkwe wake, mkwe aligeukia ukuta akaziba masikio, na mambo yakaenda. Mpaka naondoka kazini jambo hilo lilikuwa limeshakuwa sheria, ingawa hakuna aliyeisaini. Ile ya malori ilifutwa na barua fupi kutoka boma. Nilichora mstari juu yake mimi mwenyewe, kwa rula, na nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Mke wangu na mama yake walikubaliana kumpa mtoto jina la bibi yake. Hawakuniuliza. Siku ya ubatizo mke wangu ndiye aliyemtajia mchungaji, mimi nikitazama madirisha ya kanisa. Nyumbani nilimwita Mama. Nilipompeleka shule nilimwambia mwalimu amwulize mwenyewe. Alikua, akaolewa, akazaa, na mimi bado nikimwita Mama.

Tulipotoka kumzika bibi yake Kifanya, tulikaa wawili jikoni tukiota moto. Akaniuliza kama katika maisha yangu nimewahi, hata mara moja, kulitamka jina lake. Nikamwambia ndiyo, mara moja, barazani, bibi yako akiwa ameziba masikio na wewe hujazaliwa.

Hakucheka kama nilivyotegemea. Aliweka kikombe chini, akageukia ukuta, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Sema, Baba," akasema. "Mimi leo ni kiziwi."

Nikalisema.