Mtoto wa Mwalimu Atusaidie

Kanisani kwetu hapa Dallas wananiita Mwalimu, na sitadanganya, jina hilo nalipenda. Nyumbani Kenya nilifundisha shule ya msingi. Huku mimi ni msaidizi tu wa darasa, lakini kanisani hakuna anayeuliza habari za vyeo. Mtoto akikwama na homuwaki utasikia, muulizeni Mwalimu. Sasa mama mwenye jina hilo anatarajiwa awe na watoto wanaosoma kama wanaokunywa maji. Dada yangu wa Houston, ambaye hata si mwalimu, kila akipiga simu ni vyeti vya wanawe, mpaka nikawa namwambia niko barabarani hali nimekaa jikoni kwangu.

Wangu ni mmoja, msichana, yuko darasa la nne, na alikuwa hajui kusoma.

Leo naliandika hilo. Wakati ule sikulisema hata moyoni. Mwalimu wake hapa Mansfield tunakoishi, kusini kidogo ya Dallas, alinipigia simu akiomba ruhusa mtoto apimwe, ijulikane kwa nini herufi zinamsumbua. Nikamjibu kwa adabu kwamba ni uvivu tu, nitamshughulikia mwenyewe. Mume wangu huendesha lori, na malezi yake mengi ni ya kwenye simu. Aliposikia akanisihi nikubali. Nikamfokea: apimwe nini, ana malaria? Akacheka kidogo, kisha akasema, "Mganga hajigangi, mama." Nikamkatia simu.

Alinichoma kwa sababu kazi yangu, Mungu anihurumie, ni hiyo hiyo. Kila asubuhi nina-drive kutoka Mansfield hadi kaskazini mwa Dallas, kwenye shule ya Wayahudi, na huko niko katika chumba cha watoto wanaohitaji msaada wa kusoma. Watoto wale wana Kiingereza, na juu yake wana Kiebrania kinachosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo anayepotea hupotea mara mbili. Tuna mbinu zetu. Kuna trei ya mchanga ya kuandikia herufi kwa kidole, kadi nyeusi yenye dirisha la kuonyesha mstari mmoja tu, na sauti zilizorekodiwa ambazo mtoto huzisikiliza huku kidole kikifuata maneno. Mtoto akiinuka darasani kuja kwetu, wenzake hata hawageuki. Wazazi nao huja wenyewe kudai msaada, na wengine hugombana na mkuu wetu kwamba muda hautoshi. Wiki ya kwanza nilidhani watu hawa hawana haya. Mama mzima anasimama koridoni anaeleza kwa sauti kwamba mwanawe hawezi kutofautisha herufi! Kwetu jambo kama hilo husemwa chumbani, tena mlango umefungwa.

Kilichonishangaza zaidi ni Torati. Jumatatu na Alhamisi asubuhi wanafunzi huisoma kutoka kwenye gombo lenyewe, kwa kuimba, na maneno ya gombo hayana alama za irabu, msomaji azijue mwenyewe. Kulikuwa na msichana wa darasa la sita niliyemsaidia muda mrefu kujiandaa. Siku yake ilipofika nilisimama nyuma. Akakosea neno. Papo hapo watu wawili waliosimama kando yake wakamsahihisha kwa sauti, kila mtu akasikia. Nikawaka. Nikasema moyoni, hawa wanamvunja mtoto wangu. Lakini yeye alilirudia lile neno, akaendelea, akakosea tena, wakamsahihisha tena, na alipomaliza wenzake wakamwimbia na kumrushia peremende. Mkuu wetu, mama mtu mzima, alinieleza baadaye kwamba hiyo ndiyo desturi. Hata msomaji hodari husahihishwa, maana neno la Torati haliachwi limekosewa, na akishalirudia sawasawa mambo yameisha.

Jioni nikamsimulia binti yangu mezani. Nikamwambia yule mtoto ni jasiri namna gani, na mimi ninavyojivunia. Alinisikiliza huku akikandakanda tonge lake la ugali bila kula. Nilimwambia ale, chakula kinapoa.

Ndipo ikaja Siku ya Watoto kanisani, na binti yangu akapangiwa kusoma Zaburi ya mia moja ishirini na moja. Ningeweza kukataa. Badala yake nilichukua mbinu ya kazini. Nikairekodi zaburi kwenye simu, akaisikiliza kwenye gari na kitandani mpaka ikamkaa kichwani. Kazini sauti ile ni ya kumfikisha mtoto kwenye maandishi. Mimi niliitumia kuyakwepa. Nikamfundisha namna ya kushika Biblia, macho yatembee vipi, ageuze ukurasa lini. Nikamwonya asimwambie mtu yeyote.

Jumapili hiyo alisoma vizuri mno. Nasema alisoma, mnanielewa. Watu wakapiga makofi, akina mama wakanigeukia, na mimi nikajikalia pale kama bibi harusi. Kisha kiongozi wa vipindi akatangaza kwamba mtoto aliyepangiwa Injili ni mgonjwa. Akatazama huku na huku, akatabasamu. "Mtoto wa Mwalimu atusaidie."

Wakamfungulia Luka. Binti yangu akautazama ukurasa, kisha akanitazama mimi. Kanisa likasubiri.

Nilisimama. Hapo hapo ningeweza kusema ukweli, au kumwita tu arudi kukaa. Nilicheka. Nikasema wamsamehe jamani, zaburi tulifanya mazoezi, hawa watoto wetu wa Amerika Kiswahili kimewalemea. Watu wakacheka nami, kwani nani hapo hana mtoto wa kujibu kwa Kiingereza? Nikajiona nimeokoka. Lakini mzee mmoja wa kanisa, kwa nia njema kabisa, akainuka na Biblia yake akasema hakuna shida, asome ya Kiingereza. Akampelekea.

Binti yangu hata nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Siku hiyo aliisogelea maikrofoni akasema, "Kiswahili najua. Kusoma ndiyo sijui. Mama alisema nisiseme."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa shule ya Jumapili akamshika bega, akaisoma Injili yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa bado nimesimama wima katikati ya watu walioketi, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mtu akisikia kisa hiki hudhani aibu yangu ni hiyo. Hiyo ilipita. Akina mama walinisalimia vizuri tu nje, na mmoja alinishika mkono akauliza kwa sauti ya chini kama kweli kuna vipimo, kwa sababu hata mwanawe yuko hivyo. Nilimvuta mtoto twende. Aibu yangu mimi ni ya ndani ya gari. Nilifunga mlango, hata injini sijawasha, nikamgeukia mtoto wangu, na neno la kwanza lililonitoka likawa, "Umeniaibisha."

Hakulia. Alifunga mkanda wake, akaniuliza, "Wale watoto wa kazini kwako, wao huwa wanakuaibisha?"

Nikasema hapana.

Nikawasha gari. Tulikuwa tumeshaingia barabara kuu aliponiuliza tena, polepole, kama mtu anayeomba kitu ambacho hatarajii kupewa. "Basi na mimi naweza kuwa mmoja wao?"

Nilitoka barabarani nikaegesha penye kituo cha mafuta, maana mbele nilikuwa sioni. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, unaweza. Akasema sawa, akageukia dirishani, na nikajua hajaniamini.

Asubuhi yake sikwenda kazini. Nilimkalisha kando yangu nikampigia mwalimu wake, nikaiweka simu kwenye spika, ili anisikie mimi mwenyewe nikisema kwamba mwanangu hajui kusoma, si mvivu, na tunaomba asaidiwe. Katikati nilikatiza, nikarudia. Yeye alikuwa ananitazama mdomoni, neno kwa neno, kuona kama nitaruka lolote.