Benchi la Katikati

Ofisini wanamwita Rula, na jina limemkaa. Dada yangu anachora mipango ya mitaa katika ofisi ya jiji, na hata nyumbani karoti anazikata kwa kipimo. Mimi ni mdogo wake, nina haki ya kumsema.

Mwaka juzi alikabidhiwa kiwanja kilicho mbele ya nyumba yetu, kilichojaa takataka na mabati yenye kutu, akaambiwa abuni bustani ndogo ya mtaa. Ng'ambo ya kiwanja hicho anaishi Mama Cherehani, fundi nguo, shoga wa mama yetu tangu usichana wao. Zamani hawakukosa kutembeleana kila alasiri. Kisha magoti ya mama yakamgomea, na kwa mwaka mmoja na nusu wakawa wanapigiana simu tu, huku kila mmoja analiona paa la mwenzake.

"Bustani ikiisha, utakwenda kwa shoga yako kwa miguu yako," Rula alimwahidi. Siku hiyo hiyo mama alitoa viatu vyake vya kutokea akavipiga rangi.

Mchoro wa kwanza ulipendeza kweli: chemchemi katikati, mabenchi sita pembezoni, yote yakiitazama. Mkuu wake aliubandika ukutani. Njia Rula aliipima mwenyewe: hatua mia na ishirini, kufumba na kufumbua amefika.

Kiwanja kilipokwisha kusafishwa, tulimpeleka mama akaone. Alitembea kidogo, akasimama kufunga mtandio. Akatembea tena, akasimama kuuliza ukuta ule ni wa nani, na ukuta huo anaujua kuliko mwenyewe. Mara ya tatu alitazama juu.

"Mawingu haya, mvua itaacha kunyesha kweli?"

Wingu halikuwepo hata la dawa.

"Mama, umechoka?" Rula akauliza.

"Nani kachoka? Naangalia mawingu."

Kabla ya kufika nusu ya njia akakumbuka kwamba ameacha chungu motoni, akageuka kurudi. Motoni hapakuwa na kitu. Siku hiyo mpishi nilikuwa mimi.

Rula alibaki amesimama pale. "Nimepima kwa miguu yangu," alisema. Aliona aibu, nami nikamwonea huruma, jambo ambalo si kawaida yangu. Akaokota mawe, akaweka moja kila mahali mama aliposimama. Mchoro mpya ulikuwa na benchi kila baada ya hatua ishirini, kandokando ya njia, lenye mikono ya kushikilia mtu anapoinuka. Kwa hiyo chemchemi ikakosa nafasi.

"Bustani bila chemchemi? Utanitia aibu," mkuu wake alisema.

"Basi njoo utembee na mama yangu."

Mkuu akaja, nia yake kumaliza ubishi. Mama alisimama mara tatu kumuuliza watoto wake hawajambo. Mkuu hana mtoto hata mmoja. Kesho yake chemchemi ilifutwa.

Siku bustani ilipofunguliwa, mama alivaa viatu vyake akatukataza kumshika mkono. Tulimfuata kwa mbali, tukijidai kukagua maua. Alikaa benchi la kwanza, akainuka. Akakaa la pili, akainuka. Alipofika la tatu, la katikati, alikaa akatulia, na dakika zikapita.

"Hafiki," Rula akaninong'oneza. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Nimemdanganya mama yangu."

Ndipo tulipomwona Mama Cherehani akitokea upande wa pili na fimbo, akikaa na kuinuka, benchi hadi benchi. Kumbe naye magoti yalikuwa yamemgomea. Miezi yote ile tulijua ni mama tu asiyeweza kwenda. Hakuna aliyejiuliza mbona mwenzake haji.

Alifika, akasimama mbele ya mama akihema.

"Umechelewa," mama akasema.

"Mwaka na nusu tu," alijibu shoga yake, akiegemeza fimbo kwenye benchi. "Haya, sogea nikae."