Mchoro Nilioupaka Mafuta Kila Wiki

Wezi wa mifugo walipomuua mume wetu, walituacha wajane wawili na vikapu vya kusuka. Mimi nilihamia Kakuma, mke mwenzangu akabaki Lodwar.

Mwaka 2012 kikundi chetu cha wasusi kilitaka mchoro mmoja wa kikapu wa kuweka mtandaoni, wanunuzi wauone. Mwenye mchoro huo ndiye angekuwa mwalimu wa wengine. Nilikitaka kiti hicho kuliko chakula.

Nilichora kwenye kompyuta ya saiba, duka la intaneti, mistari myeusi juu ya nyeupe. Kila wiki niliufungua mchoro, nikasogeza mstari mmoja, nikausevu tena. Ngozi usipoipaka mafuta mara kwa mara inapasuka. Nilidhani na picha ni hivyo. Mwenzangu alipokuja kunitembelea aliketi kando yangu, akanitazama nikisevu.

"Unapendeza, dada," alisema. Basi.

Siku ya kuchagua, Lodwar, michoro ilionyeshwa ukutani. Mke mwenzangu naye alileta wake, na mistari yake ilikuwa mikali kama wembe. Yangu ilikuwa na vumbi vumbi kila upande.

"Kikapu hiki kimeota ukurutu!" mmoja akasema, wanawake wakacheka. Mwenzangu akapewa kiti. Na mkono wangu ni mzuri kuliko wake, hata leo naapa.

Nilirudi kwa mzee Mkongomani mwenye saiba.

"Mama, hii ni JPEG. Iko mzuri kwa sura ya mtu. Lakini kila mara unagusa, unasevu, inakula picha kidogo. Mchoro wa mistari unaweka PNG, ile haikule kitu. Nilimwambia dada yako siku ile alikuja hapa. Hakukuambia?"

Hakuniambia. Wenye makosa ni hawa: huyo mzee, aliyemfundisha mmoja akaniacha mimi, na mke mwenzangu, aliyekaa akitazama picha yangu ikiliwa, huku akinisifu.

Nikachora upya kwa PNG. Ikatoka safi kabisa.

Mwaka 2013 akanipigia simu. "Ejok, hujambo dada. Hapa kwenye kitako cha kikapu wanafunzi wananishinda, na mimi mwenyewe sijui kukianza vizuri. Wewe kitako chako kilikuwa sawa. Nitumie ule mchoro."

"Nakutumia, mwalimu," nikamjibu.

Nikaenda saiba. Picha zote mbili zilikuwepo. Nikafungua ile JPEG ya zamani, nikasogeza mstari, nikaisevu. Nikausogeza tena, nikaisevu. Mara sita hivyo, ndipo nikamtumia hiyo hiyo.