Neno Lililobaki Chini ya Pasi

Sitajitetea: cheti cha ubatizo cha Esperansi nilikichoma mimi, kwa pasi, nikiwa na akili zangu timamu na kidato cha nne changu.

Esperansi alikuwa jirani yangu wa chumba cha pili, alivuka ziwa akikimbia vita Burundi, cheti kifuani ndani ya nailoni. Sasa amepata mchumba na padri kasema bila cheti hakuna ndoa, basi akanipa mimi nikipeleke Jumapili, eti mimi msomi (mtu ambaye safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kibarazani). Nikakiona kimekunjamana, nikaona aibu, kiende kwa padri kama kimetafunwa na mbuzi? Pasi ya mkaa niliyoazima kwa Mama Zuhura wa Ujiji ilikuwa bado ya moto baada ya shati langu, nikaibandika juu ya nailoni yake hiyohiyo, ili nisichafue karatasi (werevu huo!). Moshi. Nainua pasi, cheti nacho kinainuka, kimeganda chini yake, na kengele ya pili ya misa imeshalia.

Nikakimbia nayo hivyohivyo. Naingia kanisani, shati limenyooka kuliko yote Kigoma, mkononi pasi inafuka, kifuniko kikafyatuka, makaa yakamwagika kati ya mabenchi na kwaya ikakatika katikati ya wimbo.

"Hicho ni chetezo?" padri akaniuliza.

Esperansi akashika kichwa. "Mana yanje, Mungu wangu! Kaka, nitaolewa na nini?"

Padri akakwangua taratibu. Jina limekwenda, tarehe imekwenda, imebaki kona ya muhuri na neno moja la Kilatini: *Bururiensis*.

"Yaani wa jimbo la Bururi, Burundi," akasema, akaligeukia kanisa. "Nani hapa katoka Bururi?"

Wakasimama mabenchi matatu, watu niliokuwa nikiwapa mkono wa amani kila Jumapili bila kuwauliza kwao wapi. Mzee mmoja kati yao, katekista wa zamani, akamkazia macho Esperansi.

"Huyu binti wa Melania. Nilimfundisha mimi, na siku anabatizwa nilikuwepo. Naapa."

Ndoa ikatangazwa palepale. Mpaka leo namshukuru mzee yule, na padri, na hata aliyechonga ule muhuri, maana bila wao ningehama mtaa. Siku ya harusi Esperansi alinikalisha mbele kabisa (mbali na jiko). Tangu hapo sipigi pasi kitu kisicho na vifungo.

Ila pasi ilibidi irudi Ujiji kwa mwenyewe. Mama Zuhura akaigeuza, akaiona ile nailoni, akanitazama.

"Nilikuazima unyooshe shati, siyo kuchoma ubatizo wa watu."