Pasipoti ya Dada Zuwena

Juzi nilimkuta dada Zuwena anatazama picha za milima ya Musandam kwenye simu, nikakumbuka alasiri niliyomfichia pasipoti katika mkebe wa ubani. Joto lilikuwa limepungua, na darasa lao lilikuwa linakwenda huko kaskazini kupanda milima. Mimi mtoto, najua nini? Musandam si Oman ile ile? Kumbe njia inakatiza Imarati, na mpakani wanataka pasipoti!

Nilipoitoa, nacheka, inanukia ubani, basi lilikwishaondoka. Dada alikaa kitako sakafuni na viatu vyake vipya miguuni.

“Usilie, mwanangu,” mama alimwambia. “Ukiolewa, mumeo atakupeleka.”

Mume alimpata. Shemeji yetu, mtu wa ofisini Al Khuwair, hata ngazi za ghorofa hapandi.