Tarehe Zilizobadilishwa kwa Jina la Mideva

Priscah Mideva alitunza rejista ya wakulima kwa miaka kumi na saba katika chama chetu cha miwa, upande wa Kabras, na kwa miaka hiyo yote sikuwahi kusikia mkulima akisema kwamba zamu yake imeliwa. Kwetu miwa hukatwa kwa kufuata tarehe ya kupandwa. Anayeruka foleni humkaushia mwenzake shamba, kwa kuwa muwa uliopitisha umri hupoteza maji na uzito. Tarehe ile iliyoandikwa mbele ya jina la mtu ndiyo jasho lake la karibu miaka miwili.

Mwaka juzi kamati iliamua kuhamisha rejista yote kutoka kwenye kompyuta ya zamani hadi hifadhi ya mtandaoni, ile ambayo vijana huiita klaudi. Kazi alipewa Mideva. Mimi nilikuwa karani wa mashamba, meza yangu ikitazamana na yake, na niliona yote.

Siku tatu za kwanza kompyuta ilishindwa kuunganishwa. Kila alipobonyeza, maandishi mekundu yalitokea kumwambia amekataliwa. Meneja wetu, Hezekiah Wanzala, alilaumu mtandao, akalaumu mvua, mwishowe akamlaumu Mideva kwamba umri umempita. Mideva alipima mtandao kwa simu yake akaona uko sawa, akabadilisha waya, kisha akaanza kuikagua kompyuta taratibu, kama mtu anayechambua mboga ya murenda. Siku ya nne aligundua kwamba tarehe ya kompyuta ilikuwa imekwama mwaka 2011. Betri ndogo ya ndani ilikufa zamani na hakuna aliyejali. Hifadhi ya mtandaoni haiipokei mashine ambayo saa yake iko nyuma kiasi hicho. Alirekebisha saa, ikaunganishwa.

Likafuata kosa la pili: aliweza kusoma humo, lakini kuandika alikatazwa. Hilo halikuwa la waya. Ruhusa zote zilitolewa na meneja. Mideva alimwomba aruhusu akaunti yake iandike, hiyo peke yake, na wengine wasome tu. Wanzala aliidhinisha. Siku mbili baadaye mashamba elfu nne na mia tatu yalikuwa yamehamia, naye akayalinganisha na fomu za karatasi mstari kwa mstari hadi shingo ikakakamaa.

Ubaya ulianzia hapo. Wanakamati walijaribu kubadilisha mambo humo, mashine ikawaambia hawana ruhusa. Kwetu mzee hazuiwi mlangoni, nao walilichukua jibu la mashine kama tusi la Mideva mwenyewe. Mzee Were, mwenyekiti, alifika ofisini akaegemea meza ya Mideva.

"Mama Elvis, kwani wewe unasahaunga nani alikuajiri?"

"Sisahau, mzee. Kusoma mnaweza. Mkitaka tarehe ibadilishwe, leteni fomu ya mkulima, nami nitaibadilisha."

"Fomu? Hata mke wangu hanidai fomu nikitaka chai."

Ofisi nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, na sijajisamehe.

Kumfungulia kila mmoja akaunti yake kungechukua nusu saa. Lakini akaunti yenye jina lako huonyesha ulichofanya, na hilo hawakulitaka. Wanzala alibadilisha neno la siri la akaunti ya Mideva, akaliandika kwenye vipande vya karatasi na kuwagawia watu watano wa kamati. Mideva alipinga kwa barua. Barua ikatiwa kwenye faili.

Msimu wa kukata ulipofika, mashamba ya wanakamati na mashemeji zao yalikatwa kwanza. La Jescah Ayuma, mjane wa kijiji cha Chegulo, lililokuwa la kumi na nne, lilishuka hadi la mia mbili na kitu. Miwa yake ikatoa maua, ikakauka. Malalamiko yalipozidi, wanachama waliitwa mkutanoni, na Wanzala akasoma orodha aliyoitoa kwenye mashine: tarehe themanini na moja zimebadilishwa, zote kwa akaunti ya Priscah Mideva. Hakutamka neno hata moja lisilo la kweli, na bado ndiye mwongo mbaya kuliko wote niliowajua. Mideva alisimama kueleza habari ya neno la siri. Waliomsikiliza walikuwa wachache, waliomwelewa wachache zaidi. Alifutwa kazi siku hiyohiyo. Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Nilijua ukweli, nikatazama viatu vyangu.

Kupoteza kazi hakukumuuma kama kupoteza jina. Jumamosi alikwenda Chegulo kumweleza Jescah uso kwa uso, nami nikamsindikiza, nikidhani hilo litanipunguzia aibu. Tulimkuta mjane yule akiikata miwa iliyokauka ili apate kuni. Hakututolea kiti.

"Mama, sikuigusa tarehe yako," Mideva alisema. "Walitumia jina langu."

"Nilikuwa mkutanoni. Jina lako lilisomwa, na hakuna mtu aliyesimama kukutetea." Alininyooshea panga lake. "Huyu unayetembea naye alikuwepo. Mbona hakusema?"

Mideva alinigeukia, akangoja. Ndipo nikasema yote: karatasi, watu watano, barua iliyotiwa kwenye faili. Jescah alinisikiliza hadi mwisho.

"Hayo ungeyasema siku ile," akasema, akainama tena kwenye miwa yake.