Uzi wa Kiunoni mwa Mama

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, nyumbani kwetu Tingi kulikuwa na neno moja lililopigwa marufuku. Neno lenyewe ni mimba. Mama alikuwa nayo na sote tulijua, lakini jirani akiuliza mbona haonekani kisimani tulimjibu kwamba anaumwa mgongo. Mimi nilikuwa mbea kuliko watoto wote wa mtaa ule, na Bibi, mama yake baba, alilijua hilo vizuri. Aliniita jikoni, akanikalisha, akaniambia kwamba mimba ikitajwa ovyo inafunguka, na ikifunguka kabla ya siku zake haifungiki tena.

Sikuwa na sababu ya kumbishia. Mama alikuwa ameshapoteza mimba mbili, na Bibi alisema zote zilitangazwa mapema mno. Safari hii aliwahi. Mwezi wa tatu alisokota uzi mweusi wa pamba, akaupiga mafundo saba huku akisoma dua, akamfunga mama kiunoni. Kwetu huko ndiko kufunga mimba. Aliyefunga ndiye anayefungua, mwezi wa tisa, fundo moja moja, na mkono mwingine hauruhusiwi kuugusa uzi ule. Kliniki ingesubiri. Bibi alieleza kwamba mtoto huanza kuwa maji, kisha damu, kisha nyama, na roho hapuliziwi mpaka itimie miezi minne. Sasa utampelekaje kwenye benchi la watu wenye macho yao mtu ambaye hata roho hajapewa? Miezi minne ilipotimia ufuta ulikuwa umekomaa, kila mtu yuko shambani, na safari ya zahanati ikasogezwa mbele.

Sitaki mtu amwone Bibi mjinga. Alizaa watoto tisa akazika wanne, na kila alichokijua kuhusu mimba alikijua kwa njia hiyo.

Mwezi wa saba mama akaanza kuvimba. Kwanza miguu, kisha vidole hata pete ikakataa kutoka, mwisho uso. Bibi alifurahi, akasema mtoto ni wa kiume na maji yake ni mengi. Mama alilalamika kichwa, akawa anashinda amekifunga kitambaa. Jioni mimi ndiye niliyemkanda miguu, na nilikuwa na mchezo wangu: nikibonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki, nami nahesabu mpaka lijae. Kila siku hesabu ilikuwa ndefu zaidi, na mimi nilicheka. Nikikumbuka kicheko kile hadi leo naona aibu.

Wiki hiyohiyo nilikanyaga shina la ufuta lililokatwa, mguu ukatunga usaha. Nilipotoka shule nikaenda zahanati. Nesi wetu alikuwa mama wa Kimakonde, mpole lakini hana masihara na kazi. Aliponisafisha kidonda alinibonyeza juu ya kifundo aone kama nimevimba. Bila kufikiri nikamwambia kwamba mguu wangu haubaki shimo kama wa mama.

Mikono yake ikasimama. "Mama yako ana mimba?"

Nilikitazama kidonda changu. Akaniuliza tena, taratibu, kama mama anaumwa kichwa, kama anaona vitu vikimetameta mbele ya macho. Asubuhi ile mama alikuwa ameniambia nimfukuzie inzi usoni, na mimi sikuona hata inzi mmoja. Nilimwogopa Bibi, lakini inzi wale niliwaogopa zaidi.

"Anayo," nikasema.

Alasiri haijaingia, Nesi alikuwa uani kwetu na kipimo chake cha presha mkobani. Alimwamkia Bibi shikamoo, Bibi akaitikia marahaba na kumpa kiti, kisha akaniona mimi nyuma yake. Nesi alimpima mama mkono wa kushoto, akampima wa kulia, akarudia wa kushoto. Akasema presha imepanda vibaya, kifafa cha mimba kinaweza kumwangusha saa yoyote. Aende hospitali kubwa sasa hivi, na huenda ikabidi mtoto atolewe. Hapohapo akampigia simu jirani aliyekuwa akipakia ufuta kwenye gari lake, naye akakubali kuushusha.

Mama alipoinuka kanga ikateleza, Nesi akauona uzi. Ulikuwa umezama kwenye ngozi. Akatoa mkasi, lakini mama akauziba uzi kwa viganja viwili. Hakutaka ukatwe, na hakutaka kwenda nao, kwa sababu mimba iliyofungwa haitoki, mama na mtoto wanakufa pamoja. Sote pale uani tuliamini hivyo, isipokuwa Nesi.

"Mama, nifungulie," mama akamwambia Bibi.

"Miezi saba, mwanangu."

"Nifungulie."

Bibi akapiga magoti. Mafundo yalikuwa yamekazwa na jasho la miezi minne. Fundo la tatu alilifungua kwa meno. Nje gari lilipiga honi, Nesi akawa anatazama saa na kumtazama mama, mkasi uko mkononi, hautumii. Namheshimu mpaka leo kwa subira ile. Bibi alisoma dua hadi fundo la tano, kisha sauti ikamwishia, akaendelea kufungua huku machozi yanamdondoka.

Kaka yangu alizaliwa usiku huo, akaishi siku mbili. Walituambia mapafu yake yalikuwa hayajakomaa. Mama alirudi baada ya wiki mbili, amekonda, amevaa kanga ya Bibi.

Wanawake wakaja kutoa pole, wakakaa na Bibi jamvini. Mmoja wao akauliza, mimi nipo pale na sinia la vikombe, ni nani tena aliyeitoa siri mapema hivi.

"Mimba ile niliifungua mwenyewe," Bibi akajibu. "Kwa mikono yangu."

Hakuna aliyeuliza tena, na mimi kwa akili ya mtoto nikajua kwamba nimesamehewa.

Mwaka jana nilipata mimba yangu ya kwanza. Nilikwenda kliniki kabla miezi mitatu haijaisha, na wakati mashine ya presha ikinikaza mkono nilielewa jinsi mama alivyokuwa karibu na kaburi siku ile. Lakini majirani sikuwaambia mpaka miezi minne ilipotimia. Nilipomsimulia mama habari hizo alicheka, kisha akaniambia jambo alilolificha miaka yote. Bibi hakuwahi kumwamini Nesi. Kabla hajafariki alimwambia mama kwamba Somoe, yaani mimi, ndiye aliyeitoa mimba ile kwa mdomo wake, ila asije akaniambia.

Kwa hiyo haikuwa kwamba alielewa kuwa ulikuwa ugonjwa. Alikaa kwenye jamvi lile mbele ya wanawake wenzake akiamini kwa moyo wote kwamba mimi ndiye niliyemwondoa mjukuu wake, na bado akasema ni yeye.